Banda la Kuku: Habari za Makao ya Ndege wa Nyumbani Tangu Kale Hata Siku Zetu za Ushirika

Halmashauri ya Chama Kikuu iliponiagiza niandike sura moja ya kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi, nilitumaini kupewa habari za alizeti, kwa maana alizeti ndiyo iliyotujengea ghala na kutununulia mizani. Nilipewa banda la kuku. Najua wako watakaocheka. Walakini kila mwanachama ajuaye hesabu za nyumba yake anajua ya kuwa alizeti huleta fedha mara moja kwa mwaka, na katika miezi iliyobaki ni kuku alipaye chumvi, sabuni, daftari za watoto na nauli ya kwenda msibani. Tena ugomvi mkubwa kuliko wote uliopata kutokea katika mikutano ya chama changu cha msingi haukuwa juu ya bei ya alizeti. Ulikuwa juu ya banda. Nitaueleza mahali pake, wala sitaficha ya kuwa kosa lilikuwa langu.

Asili ya kuku ni ya mbali. Ametokana na ndege wa mwituni aishiye katika misitu ya kusini-mashariki ya Asia. Mifupa ya kale kuliko yote ambayo wataalamu wanaikubali kuwa ni ya kuku wa kufugwa ilifukuliwa mahali paitwapo Ban Non Wat, nchini Thailand, nayo ni ya kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Uchunguzi huo ulitangazwa mwaka 2022. Wataalamu hao wanaona ya kuwa ndege huyo alivutwa na mpunga na nafaka nyingine zilizolimwa karibu na makao ya watu. Yaani alikuja mwenyewe, akifuata punje zilizomwagika, kama afanyavyo hata leo penye kinu.

Mambo mawili aliyotoka nayo mwituni hajayaacha. La kwanza, usiku hupenda kulala juu ya kitu, na kila mmoja hutaka fito iliyo juu kuliko ya mwenziwe. La pili, giza likiingia huwa kama kipofu, wala hawezi kumkimbia adui. Mchana kuku ana akili ya kutosha kujitunza: humwona mwewe kabla yetu, huwaita vifaranga, huingia kichakani. Usiku hana lolote. Basi yeyote anayekusudia kujenga banda na ajue ya kuwa anajenga nyumba ya usiku, na ya kuwa kicheche, fungo, paka mwitu na mwizi wa miguu miwili ndio wakaguzi watakaoipima kazi yake.

Barani Afrika kuku aliingia kwa njia zaidi ya moja. Huko Mezber, kaskazini ya Ethiopia, imepatikana mifupa yake yenye umri wa zaidi ya miaka 2,500. Katika pwani yetu, magofu ya Shanga, kisiwani Pate, mji uliokuwapo tangu karne ya 8, yametoa mifupa ya kuku pia. Jina lake nalo lasikika, kwa mabadiliko madogo ya matamshi, katika lugha nyingi za Kibantu, jambo lionyeshalo ya kuwa si mgeni wa juzi. Mithali yetu yasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Na kamba hiyo, kwa fikira zangu, ndiyo iliyokuwa banda la kwanza.

Kwa karne nyingi wazee wetu hawakuona haja ya kumjengea kuku nyumba ya peke yake. Alilala jikoni, juu ya kuni au juu ya dari ya fito. Koo mwenye vifaranga alifunikwa kwa tenga karibu na mafiga. Kijana aliyesoma huona haya anaposikia habari hizo. Asione haya. Columella, mwandishi wa Kirumi aliyezaliwa Gades katika nchi ya Hispania, aliandika kitabu cha kilimo katika karne ya 1 baada ya Kristo, na humo ameeleza banda ambalo fundi wetu yeyote angelifahamu. Lielekee, asema, upande jua lichomozapo wakati wa baridi. Liwe karibu na jiko ili moshi uwafikie kuku, kwa kuwa moshi aliuona una manufaa makubwa kwao. Fito za kulalia zichongwe pande nne, zisiwe za mviringo, ili mguu usiteleze. Hata idadi ameitaja: kuku 200 ndio kipimo cha mtunzaji mmoja, naye asaidiwe na bibi kizee mwenye bidii, au mtoto, wa kuwachunga wanaotangatanga. Miaka karibu 2,000 imepita, na bibi kizee na mtoto bado wapo kazini.

Wazee wetu hawakusoma Kilatini, lakini moshi waliujua. Jiko lenye moshi halipendwi na utitiri wala viroboto.

Huku kwetu katikati ya nchi, katika Ugogo na sehemu za Singida, nyumba ya asili ilikuwa tembe: kuta za miti na udongo, paa bapa la magogo lililofunikwa kwa udongo, na vyumba vikiuzunguka ua wa mifugo. (Kiswahili kina mzaha wake. Tembe ni nyumba hiyo, na tembe pia ni kuku jike asiyeanza kutaga. Basi mtu aweza kusema tembe amelala ndani ya tembe, naye asiwe amesema uongo.) Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyepita Ugogo mwaka 1857 katika safari ya kwenda Ujiji, amezieleza nyumba hizi katika kitabu chake. Paa lile zito lilizuia jua la adhuhuri na baridi ya alfajiri pia, na mtu, mbuzi na kuku walifaidi pamoja. Ubaya wake ulikuwa papasi. Mwaka 1905 mganga Mjerumani Robert Koch, alipokuwa akichunguza homa iliyowapata wasafiri katika nchi iliyoitwa wakati ule Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, aliwakuta papasi katika udongo wa sakafu za vibanda vya njia za misafara, akaonyesha ya kuwa ndio waienezao. Papasi hunyonya damu ya mtu usiku, na damu ya kuku pia hawaikatai. Hapo pana sababu nzuri ya kumtenga kuku na kitanda cha mtoto, na ni sababu niipendayo kuwaambia wale wasemao ya kuwa banda ni anasa.

Kisha zikaja nyakati za kuhama. Operesheni Dodoma ilianza mwaka 1971. Mwezi wa Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza ya kuwa kuishi vijijini ni amri, na mwisho wa mwaka 1976 ukawekwa kuwa kikomo. Watu wakaziacha tembe zilizotawanyika, wakajenga nyumba kwa mistari. Mzee mmoja wa chama changu cha msingi huniambia ya kuwa walipofika walionyeshwa mahali pa shule, mahali pa zahanati na mahali pa kisima, wala hakuna aliyeuliza kuku watalala wapi. Wengine waliwalaza chini ya vitanda, wengine mitini. Nyumba zilipokaribiana, kuku wa majirani wakawa kundi moja. Mdondo ulipoingia katika nyumba ya kwanza, asema mzee huyo, ulifika ya mwisho kabla ya juma kwisha. Mwaka huo huo wa 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa na serikali. Sheria ya mwaka 1982 iliviruhusu virudi, lakini wazee hawakusahau, na msomaji akumbuke jambo hilo nitakapofika kwenye mkopo.

Wakati sisi tunahama, banda la kuku lilikuwa limekwisha kugeuka kitu kingine kabisa huko ng'ambo. Zamani haikuwezekana kufuga vifaranga wengi ndani ya nyumba katika majira ya baridi, maana walilegea miguu wakafa. Baada ya vitamini D kutambuliwa mwaka 1922 ikafahamika ya kuwa ulegevu ule ni njaa ya jua, na ya kuwa mafuta ya ini la samaki yaweza kushika nafasi ya jua. Mwaka 1923 Bibi Cecile Steele wa Ocean View, katika jimbo la Delaware, Marekani, aliagiza vifaranga 50 ili aongeze kundi lake la mayai. Kwa makosa akaletewa 500. Hakuwarudisha. Akawaweka katika kibanda, akawalisha, akauza 387 waliosalia kwa bei nzuri ya nyama, na kufika mwaka 1926 alikuwa akifuga 10,000. Kibanda chake kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho. Kutoka katika kosa lile la karani wa vifaranga ilianza biashara kubwa ya kuku wa nyama ndani ya mabanda marefu, na baadaye vizimba vya nyaya kwa kuku wa mayai, hata nchi za Umoja wa Ulaya zikaona vimepita kiasi, zikavipiga marufuku vile vitupu kuanzia mwaka 2012.

Bibi Steele alikuwa na soko karibu, na tatizo lake lilikuwa baridi. Sisi tatizo letu ni jua. Hilo ndilo nililolisahau.

Katika mwaka wa pili wa Chama Kikuu, halmashauri ya chama changu cha msingi iliazimia kukopa ili wanachama wajenge mabanda bora. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, karani kijana, na kwa kuwa niliweza kushika rula nikapewa kazi ya kuchora ramani. Nilitazama picha katika kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, nikachora: kuta za matofali ya saruji, bati juu, madirisha mawili madogo, mlango mpana. Upande mrefu niliuelekeza magharibi, si kwa sababu yoyote ila barabara ilikuwa huko, nami nilitaka wageni wapitao walione. Fito za kulalia nilizipanga kama ngazi, maana katika picha zilipendeza.

Mkutano mkuu ulipoletewa ramani, mzee mmoja alisimama akauliza, "Katibu, bati hili mwezi wa kumi litakuwaje?" Nikamjibu kwa maneno ya kitabu. Mwingine akakumbusha ya mwaka 1976, akasema hisa zake za wakati ule bado hajaziona, na sasa anaambiwa aweke sahihi ya deni. Mwisho akasimama mama mmoja mjane. "Mwanangu," akaniambia, "mimi sikopi kitu ambacho kuku hajaniomba." Watu walicheka, nami nikaandika katika kumbukumbu za mkutano ya kuwa mjumbe mmoja hakuafiki. Sentensi ile ipo hata leo, kwa mwandiko wangu.

Kuku hana tezi za jasho. Joto likizidi hutanua mabawa na kuhema kwa mdomo wazi, na hewa ikiwa imesimama kuhema hakumsaidii. Kuku wa wale waliojenga kwa ramani yangu walijua hayo kabla yangu: jioni walikataa kuingia, wakapanda miarobaini, na kicheche akawafuata huko. Wenye kundi wakaamua kuwafungia mapema. Alasiri moja ya Oktoba niliitwa katika banda la kwanza, lile la kando ya barabara, nikahesabu kuku kumi na saba wamelala chini midomo wazi. Na waliosalimika walikuwa wakipigana kila usiku, kwa kuwa kila mmoja alitaka kidato cha juu cha ngazi yangu, na wa chini walichafuliwa na wa juu.

Deni lililipwa kwa alizeti, misimu mitatu. Katika mkutano uliofuata niliulizwa kama hasara ile iandikwe kwa jina la kuku au kwa jina la katibu. Wako waliotaka niondolewe. Mwenyekiti aliona adhabu nyingine: nikaagizwa niende kwa yule mama mjane juma zima, asubuhi na jioni, nilitazame banda lake, kisha nirudi na ramani mpya.

Alijenga nyuma ya jiko, chini ya mti, mahali ambapo maji ya mvua hayatuami. Banda lilikuwa refu toka mashariki hata magharibi, ili jua lichomoze penye ubavu mfupi na kutua penye ubavu mfupi, lisiingie ndani kwa upana. Ukuta wa kusini, unaopigwa na upepo wa kusi, aliukandika udongo hadi juu. Ukuta wa kaskazini aliukandika hadi kiunoni tu, na sehemu ya juu akaiziba kwa fito zilizokaribiana na wavu, hewa ipite. Sakafu ilikuwa ya fito, imeinuliwa juu ya nguzo kimo cha kiuno cha mtu, na kati ya fito na fito pana nafasi ya kidole kimoja. Kinyesi kilianguka chini, akakizoa kila juma kwa bustani yake ya mchicha. Kila nguzo aliivisha bati la kopo lililopasuliwa, panya na kicheche wasipate pa kushika. Paa lilikuwa la nyasi nene, likishuka mbali nje ya kuta.

Nilimwuliza alipata wapi vipimo. Akacheka, akasema hakuanza na banda. Alianza na debe la pumba. Alihesabu kwanza ni kuku wangapi awezao kuwalisha miezi ya kiangazi bila ya kuwanyima watoto, ndipo akapima fito za kulalia, shubiri moja kwa kila kuku, na fito zote akaziweka kimo kimoja. "Wakiwa sawa," akasema, "hawana la kugombea." Kuku wake walitoka mchana kutwa, kwa hiyo nafasi ya kulala iliwatosha. Kwa anayefungia kuku mchana na usiku hesabu ni nyingine, na Bwana Mifugo hutuambia tusizidishe 5 hadi 8 katika mita moja ya mraba. Viota vilikuwa vyungu vilivyopasuka, vyenye nyasi kavu, katika pembe yenye giza, kimoja kwa kuku watano. Mlango ulikuwa mdogo. Kuku waliingia mmoja mmoja, naye akiwahesabu.

Sitaki kumpamba kupita haki. Nyasi zake ziliingiza utitiri, na mara moja nyoka. Fito za chini aliliwa na mchwa ikambidi azibadili kila mwaka. Ramani tuliyoipitisha baadaye ilichukua nguzo na pande zake, ikaruhusu bati kwa mwenye uwezo, mradi liwekewe nyasi na liwe na upenu mpana.

Lakini faida kubwa ya banda lile niliiona siku ya chanjo. Mdondo, ambao wataalamu huuita Newcastle kwa kuwa mwaka 1926 ulionekana katika mji huo wa Uingereza, na mwaka huo huo kisiwani Java, waweza kuua takriban kundi zima kwa siku chache, wala hauna dawa. Chanjo za zamani zilitaka barafu njia nzima. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitafuta chanjo ivumiliayo joto, iitwayo I-2, na maabara ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam, ikaja kuitengeneza hapa nchini. Ni tone moja katika jicho, kila baada ya miezi 3. Kichupa kimoja hutosha kuku mamia, nacho kikifunguliwa hakiwekwi. Mtu mwenye kuku kumi hawezi kukinunua peke yake, na akikinunua atamwaga. Hapo ndipo ushirika unapohitajika. Lakini ushirika nao hauwezi kitu bila mlango, kwa maana kuku aliyelala mtini hachanjwi. Siku hizi kengele ya chama hupigwa jioni, milango yote hufungwa, na alfajiri wachanjaji hupita nyumba hadi nyumba na daftari. Kuku hutolewa mmoja mmoja, hupewa tone, huandikwa, huachiwa. Wanunuzi wa Dar es Salaam nao hupimiwa asubuhi kwa njia hiyo hiyo, kwa mizani yetu, badala ya kukimbiza kuku uwanjani na kumpangia mama bei huku anahema.

Yule mama sasa ni mjumbe wa halmashauri, na kila mwanachama mpya apelekwa kwake kabla ya kukata mti hata mmoja. Banda langu la matofali bado lipo kando ya barabara. Limetobolewa madirisha makubwa, nalo ni ghala la mashudu. Wageni huliona kwanza, wakasimamisha gari na kuuliza kuku wako wapi. Nasi huwaongoza nyuma ya majiko.